Munasema hali ni shwari. Kaye yetu inasema vingine

Kamarade, vijana wa Goma, kwenu walipita?

Hiyo njo salamu yetu ya asubuhi siku hizi. Zamani tulikuwa tunaulizana kama mutu amelala vizuri. Sasa tunaulizana kama walipita, na hakuna anayeuliza "nani?" Mama wa maandazi anauliza, motari anauliza, hata watoto wa primere wanaulizana njiani kuenda masomo. Walipita kwa fulani, wamebeba simu tatu na godoro. Walipita kwa mwengine, wamepiga risasi kwenye mulango. Halafu saa moja ya asubuhi redio inafunguka na mukubwa mumoja anasema hali ya usalama katika muji ni shwari, raia waendelee na kazi zao na washirikiane na vyombo vya usalama.

Shwari kwa nani?

Niko na miaka 25. Niko na lisanse ya sheria ambayo mama aliilipa kwa kuuza sambaza. Tangu nimalize, nimepeleka dosie kwenye maofisi hadi viatu vimeisha, kazi sijaiona. Naikala kwenye avenyu moja ya komine ya Karisimbi. Sitaitaja jina, juu wale walioniambia mambo haya wangali wanalala pale pale, nyuma ya mbao zile zile ambazo jiwe moja la volkano linatosha kuzivunja.

Mwaka huu ulipoanza, shefu wetu wa avenyu alinipa kaye ya kurasa 100 na biki moja. Akaniambia: "Weye ulisoma. Kama hauna kazi, shika hii. Kila usiku wakipita, andika." Alicheka, na mimi nilicheka. Lakini niliichukua. Hiyo njo kazi yangu ya kwanza tangu nitoke chuo kikuu. Hainilipi kitu, lakini imenifundisha namna neno "shwari" linatengenezwa.

Nitawasomea mistari michache tu.

"Jumanne, saa saba na dakika kumi ya usiku. Watu wane, wawili na bunduki, mumoja amevaa suruali ya kijeshi na sandali. Wamevunja mulango wa mujane anayeuza makala. Wamebeba pesa ya likelemba ya wamama kumi na wawili. Masufuria yamelia avenyu nzima. Tumeita polisi mara tano. Mara tatu simu imefungwa. Mara ya ine wamejibu: tuko wawili tu hapa na hatuna mafuta. Mara ya tano wamekata. Polisi wamefika saa mbili na nusu ya asubuhi. Wameomba pesa ya karatasi."

"Ijumaa, saa tatu ya usiku. Motari amepigwa risasi ya muguu karibu na robine. Pikipiki imeenda. Tumemubeba kwa chukudu mpaka hospitali. Polisi: hawakufika."

"Jumapili. Hakuna kitu." Niliandika hivyo, hakuna kitu, juu usiku wa amani pia unafaa kuhesabiwa. Siku tutakayoona mistari hiyo inakuwa mingi, tutakuwa wa kwanza kuwapongeza wakubwa.

Baada ya usiku ule wa Jumanne, nilimusindikiza mujane kwenye kituo cha polisi ili aandikishe mashitaka. Niliomba kwa heshima wafungue rejista. Ofisa aliniangalia kama mutu aliyeomba chakula kwenye duka ya misumari. Rejista haikuwako. Karatasi nyeupe pia haikuwako, tulipaswa kuinunua kwenye butiki ya pembeni. Halafu kukawa pesa ya kuandika, na pesa ya kumuhamasisha yule atakayefuatilia. Mujane alihesabu akilini mwake. Alikuwa amekwisha kupoteza pesa ya watu kumi na wawili, sasa anaombwa kupoteza na ya kumi na tatu. Akasema: "Mutoto wangu, twende zetu." Tukaenda.

Muone sasa namna mambo inaenda. Mashitaka yanalipisha, basi raia hashitaki. Raia hashitaki, basi kituo hakina cha kuandika. Kituo hakina cha kuandika, basi komanda anaandika kwa mukubwa wake kwamba usiku hakukutokea kitu. Mukubwa anamuambia mukubwa wake. Karatasi inapanda ngazi, na ikifika juu kabisa imekuwa neno moja, shwari. Yule anayelisema kwenye redio, pengine hata hadanganyi. Anasoma kile walichomupa. Uongo ulianza chini, siku ile mujane alirudi nyumbani bila kuandikwa.

Kwa hiyo, kamarade, mutu akikuambia kwamba shida ya usalama wa Goma ni upungufu wa bunduki, mukatalie. Muji huu haujawahi kuwa na bunduki mingi kama leo. Kuko jeshi, kuko polisi, kuko walinzi wa wakubwa, kuko wazalendo, na tangu sheria ya 2023 iliyoanzisha akiba ya jeshi, kila kijana mwenye silaha anaweza kukuambia yeye ni wa serikali, na weye hauna namna ya kujua. Zamani ukiona kombati usiku, ulipumua. Leo ukiiona unazima taa. Kile kinachokosa ni mutu mumoja tu mwenye jina, mwenye namba ya simu inayoita, ambaye kazi yake ni kutujibu sisi, na ambaye mukubwa wake atamuuliza asubuhi: jana walikuita mara ngapi, na weye ulienda mara ngapi?

Sio kwamba naomba kitu kipya. Katiba ya inchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 52, inasema Wakongomani wote wako na haki ya amani na usalama. Kifungu cha 182 kinaipa polisi ya taifa kazi yake, na kazi ya kwanza kabisa kwenye mustari ule ni usalama wa raia, watu na mali zao. Kulinda wakubwa kunakuja mwisho wa kifungu. Pitieni basi kwenye villa za wakubwa saa tano ya usiku na muhesabu polisi walioko kwenye malango. Halafu mupite kwetu, muhesabu tena. Mutaona kwamba katika muji huu kile kifungu wanakisoma kuanzia mwisho.

Mwezi ujao, tarehe 6 Mei 2024, eta de sieje itatimiza miaka 3. Tuliambiwa mwaka 2021 kwamba wanajeshi watachukua uongozi wa Kivu ya Kaskazini na Ituri kwa muda mufupi, ili watu walale. Bunge limekuwa likiongeza muda wake siku kumi na tano kwa siku kumi na tano, hadi siku hizo zimekuwa miaka. Oktoba 2023 Rais mwenyewe alitangaza kwamba itapunguzwa hatua kwa hatua. Desemba, wagombea walipita kwenye avenyu zetu na kofia na singileti, wanaahidi usalama. Leo ni Aprili. Sake iko karibu na mustari wa vita, wakimbizi wamejaa Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya, na wale waliovaa kofia hatuwaone tena.

Najua kile watakachotujibu. Watasema: inchi iko vitani, na ninyi munalilia simu na godoro? Watasema kuongea ubaya wa polisi wakati kama huu ni kusaidia adui. Wamekwisha kutuita majina mengi, tumezoea. Lakini muulize mama ambaye mume wake aliuawa ndani ya nyumba, Goma, mbali na mustari wa vita, kama risasi ile haikuwa vita. Muulize mukimbizi aliyetoka Masisi kwa miguu, akafika hapa anafikiri amefika kwenye usalama. Serikali inayoshindwa kulinda avenyu moja yenye nyumba makumi sita, itatuaminisha namna gani kwamba italinda mupaka? Kijana ambaye hajalala miezi mitatu juu ya kulinda mulango wa mama yake, munamuomba apende bendera kwa nguvu gani?

Sasa nifike kwenye usiku ambao sikuandika.

Katika kaye kuko ukurasa mumoja wa mwezi wa tatu ambao ni mweupe. Shefu wa avenyu aliuona, hakuniuliza kitu. Yeye pia alikuwako.

Masufuria yalilia upande wa chini, karibu saa nane. Tulitoka vijana kama makumi tatu, na fimbo, na mawe. Kwa Goma mawe hayakosekane, tunaishi juu yake. Wezi walikuwa wamekwisha kukimbia. Lakini kwenye kona tulikuta kijana mumoja amesimama, na mufuko wa plastiki mukononi. Wakamuuliza: "Unaikala wapi?" Akasema: Bulengo. "Bulengo, na unafanya nini huku saa hizi?" Alianza kujibu, ulimi ukashikana. Wakamuuliza jina ya avenyu ambako amesimama. Hakuijua. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Mutu mumoja akapiga kelele: "Ni wao!"

Mutu huyo ni mimi.

Nilikuwa na usingizi wa miezi mitatu kichwani na hasira ya motari na ya mujane. Nilisema, na watu walisikia, juu mimi njo naandikaka kaye, mimi njo nilisoma sheria. Jiwe la kwanza lilimupiga kwenye bega. La pili, kwenye kichwa. Nilisikia mutu anasema aende kutafuta pneu, mwengine akauliza nani ako na petroli. Na mimi, mwenye lisanse, ambaye naweza kukuambia kwamba kifungu cha 17 kinasema mutu anahesabiwa hana kosa hadi tribinali imukatie kesi, nilisimama pale na fimbo mukononi na sikusema neno la pili.

Aliyemuokoa ni yule mujane wa makala. Alikuja mbio na kitenge kimoja, akamuona, akaanguka juu yake. "Huyu ananibebeaka makala! Nilimulaza kwenye depo juu giza ilimukuta huku! Munipige mimi kwanza!" Mwanamuke waliyemuibia ile pesa ya likelemba, yule ambaye tulikuwa tunasema tunamulipizia kisasi, njo aliweka mwili wake kati ya mawe yetu na mutoto wa watu. Mufuko ulifunguka. Ndani kulikuwa nusu kilo ya unga na sandali ya mutoto mudogo.

Na muone: usiku ule, polisi walifika! Usiku wa wezi hawana mafuta, lakini usiku kuko mutu wa kukamata, mafuta yalipatikana. Walimukamata nani? Sisi tuliorusha mawe hawakutugusa. Walimubeba yeye, damu inatoka. Katiba, kifungu cha 18, inasema kumushikilia mutu kwenye mahabusu ya polisi kusipite masaa 48. Alifanya siku ine. Mujane alitafuta dola 20 kwa majirani ili atoke. Hakuandikwa popote kuingia, hakuandikwa popote kutoka. Na mimi pia sikumuandika. Kituo hakikuandika juu ya pesa, mimi sikuandika juu ya haya. Kwa kijana yule, tofauti ni gani?

Njo maana naandika leo hapa, mbele yenu wote. Ukurasa ule haubaki mweupe tena.

Tunapenda kusema: "Polisi hawafanye kitu, wanatuachilia wezi, basi sisi tunajifanyia sheria." Nimeisema hiyo maneno mara nyingi. Lakini tuangalie vizuri. Sisi tulifanya kile kile polisi wanafanya. Tulitafuta mutu wa kulipa, hatukumutafuta mwenye kosa. Na anayepatikana haraka daima ni yule asiye na mutu: mukimbizi, maibobo, mugeni wa avenyu, kichaa wa soko. Mwizi wa kweli ako na bunduki, hatumurushie jiwe. Ako na rafiki mwenye kombati, hatumuulize anaikala wapi. Pneu haijawahi kumupata mwenye AK. Kila mara tunapomuchoma mutu, wezi wanalala vizuri, juu kesi imefungwa na hakuna anayewatafuta tena. Na mukubwa naye analala vizuri, juu raia wamemufanyia kazi yake vibaya, na asubuhi atatulaumu sisi.

Kuko wale kati yenu walioshangilia mwezi uliopita. Tarehe 13 Machi 2024 serikali ilitoa waraka wa kurudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, ambayo ilikuwa imesimamishwa tangu 2003, kwa wasaliti ndani ya jeshi na kwa banditi wa muji wanaoua watu. Nilisikia vijana kwenye paking ya moto wanasema: sasa wataisha. Naelewa. Mutu ambaye amezika ndugu yake hana muda wa kusikiliza mwanasheria bila kazi. Lakini niulize swali moja. Hukumu inategemea dosie. Dosie inaanza na mashitaka. Mashitaka yanaanza na karatasi ambayo ule kituo hauna. Nani atanyongwa kwa dosie isiyo na ukurasa wa kwanza? Kama usiku ule wa mwezi wa tatu mwizi angekuwa ameua mutu kwenye ile nyumba ya chini, ni nani angekuwa mikononi mwa polisi asubuhi? Kijana wa Bulengo na nusu kilo yake ya unga. Na mashaidi wangekuwa nani? Sisi. Ningeitwa mimi, na pengine ningeapa.

Munzenze, gereza letu, ilijengwa kwa watu 350. Leo inafunga watu mara kadhaa kupita hesabu hiyo, na wengi wao hawajakatiwa kesi. Kama wingi wa wafungwa ungeleta usingizi, Goma ingekuwa inalala kuliko miji yote ya Kongo.

Sisemi polisi ni adui. Kuko kijana mumoja wa polisi anaikala avenyu ya pili, nyumba ya mbao kama yetu. Alishaibiwa yeye pia. Aliniambia mabetri ya torshi yake anajinunulia mwenyewe, na mushahara ukichelewa anakopa chumvi kwenye butiki ile ile ambako mimi nakopa. Mutu huyo ukimutuma usiku, kwa miguu, na mwenzake mumoja, kukimbiza watu wane wenye bunduki, unamutuma kwenye jeneza. Anajua, njo maana hafike. Basi hasira yetu isiishie kwake. Ipande ile ngazi ambayo neno "shwari" lilipandia, ifike kwa wale wanaogawa mafuta, magari na mishahara, na ambao usiku hawajapiga sufuria hata mara moja katika maisha yao.

Tunaomba vitu vitano. Hakuna hata kimoja kinachongojea vita viishe.

Moja. Kila kituo cha polisi kiwe na rejista yenye kurasa zenye namba. Kushitaki kuwe bure, na kila anayeshitaki arudi nyumbani na namba ya mashitaka yake. Aliyekamatwa pia aandikwe saa aliyoingia na saa aliyotoka.

Mbili. Kila kartie, kati ya kartie zote 18 za Goma, iwe na namba ya simu ya bure inayojibu usiku, na jina ya ofisa wa zamu libandikwe kwenye mulango wa shefu wa avenyu.

Tatu. Patruyi ziingie ndani ya avenyu, zisizunguke paka kwenye barabara yenye lami na taa. Mafuta ya patruyi yatangazwe: kituo gani kimepata litre ngapi, wiki gani. Na polisi wa zamu ya usiku wapewe torshi, simu, mavazi ya mvua na mushahara kwa wakati.

Ine. Kila mwenye silaha anayelala katikati ya raia arudi kambini, awe mwanajeshi, awe mzalendo. Anayepatikana avenyu usiku na bunduki bila karatasi ya kazi, asihojiwe na sisi, ahojiwe na auditora ya kijeshi, na tujulishwe kesi iliishia wapi.

Tano. Ule mukutano wa usalama wa karibu ambao sheria iliunda ngazi ya komine, ambako bourgmestre na polisi wanapaswa kukaa na raia, ukae kweli, kila mwezi, mulango wazi. Wamama wa soko wawe ndani, motari wawe ndani, wakimbizi wawe ndani. Na wasomewe rejista mbele yao.

Wakisema hawana pesa ya rejista, sisi tutachanga. Kaye moja haifike bei ya chupa moja ya bia wanayokunywa kwenye mikutano ya usalama.

Na sasa ninyi. Juu sikuandika hii ili munipe "like" na mupite.

Wiki hii, kila avenyu itafute kaye moja na mutu mumoja wa kuandika. Haifai awe na lisanse, mutoto wa sekondari anatosha. Aandike tarehe, saa, kilichotokea, simu ngapi ziliitwa, nani alijibu, walifika saa ngapi, waliomba pesa gani. Usiku ambao hakuna kitu, aandike hakuna kitu. Asiongeze chumvi. Mustari mumoja wa uongo utawapa njia ya kutupa kaye yote. Majina ya waliohadisia yasiandikwe, na kaye isilale kila siku kwenye nyumba moja.

Sufuria ziendelee kulia. Firimbi ziendelee. Kelele ni silaha yetu na haijawahi kuua mutu. Lakini mukono usiinuke. Mukikuta mutu musiyemujua, mumuweke katikati, mumuite shefu na wazee, mutafute anayemujua. Na kama kuko mutu anapiga kelele "ni wao!", mumuulize kwa sauti, mbele ya wote: umejuaje? Usiku ule kama mutu mumoja tu angeniuliza hivyo, sikuwa na jibu.

Tarehe 6 Mei, siku eta de sieje inatimiza miaka 3, tutapeleka kaye zetu kwenye meri. Barua ya kujulisha viongozi imekwisha kuandikwa, kama kifungu cha 26 cha Katiba kinavyoomba. Hatutafunga barabara, hatutachoma pneu. Pneu tumezichoma za kutosha katika muji huu. Tutasimama kwa mustari, kila mutu na kaye ya avenyu yake, na tutaomba kitu kimoja tu: mukubwa afungue rejista yake pembeni ya kaye yetu, tusome pamoja, usiku kwa usiku. Kama zinafanana, tutarudi nyumbani na tutasema sisi wenyewe kwenye redio kwamba hali ni shwari.

Kijana wa Bulengo amerudi kubeba makala. Ako na kovu juu ya sikio la kushoto. Nilienda kumuomba musamaha, na nilimuuliza kama naweza kuandika mambo yake. Alinyamaza kidogo, akasema: "Andika, lakini uandike kwamba nilikuwa na kazi."

Alikuwa na kazi. Nimeandika.

Usiku wa kuamkia leo: masufuria yamelia saa sita na nusu, upande wa robine. Simu imeitwa mara tatu. Hakuna aliyejibu.

Goma, Aprili 2024